Fundi kagonga diski kwa mpini wa bisibisi! Nimeshindwa hata kula

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka Kariakoo sasa hivi, nimesimama kwenye daladala kwa hasira mpaka Mbagala.

Mnamjua, simtaji. Yule wa meza ya chini ya ngazi, mwenye miwani ya kukuzia juu ya kichwa, hajawahi kuishusha machoni tangu dunia iumbwe.

Nina laptopu, ThinkPad X220, toleo la 2011. Ndiyo inayonilisha: barua za watu, kadi za michango ya harusi, vyote vinatoka humo. Diski yake ilianza kukwaruza, nikasema niweke mpya ya 1TB. Sasa X220 nafasi yake ya diski ni milimita 7. Saba! Kifuniko kiko ubavuni, skrubu moja tu, unavuta ya zamani, unaihamishia mpya ile mipira miwili ya pembeni, unasukuma taratibu, kwisha. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Yeye kaja na diski nene ya milimita 9.5. Nikamwambia fundi, hiyo haiingii. Akaniangalia kama nimemtukania mama yake: "Inchi mbili na nusu ni inchi mbili na nusu, kaa hapo." Hilo ni jina la saizi tu, bwana! Unene je?

Ikakwama. Akageuza bisibisi, akashika upande wa chuma, akagonga kwa mpini. KO. Nikaruka. KO. Nikamshika mkono. KO!

Diski jamani! Kitu ambacho kichwa chake cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka humo ndani kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi, mtu anakishindilia kama viazi vya lumbesa. Kwa mpini! Soketi ya kwenye bodi imepasuka, nimeiona kwa macho yangu, kipande cheusi kimeanguka mezani. Na yeye, macho makavu, mbele ya wateja: "Laptopu yako ndiyo nyembamba, diski haina kosa. Kauzie karanga." Halafu anadai 15,000 ya ufundi. Ufundi gani, wa KO KO KO?

Chumvi Kidogo: Pole mkuu. Ila hapo kwenye kusimama kwa hasira mpaka Mbagala umenimaliza. Gari la Mbagala nani anapata siti?

Mzee wa Ubao: Diski ilikuwa haina umeme, kichwa kilikuwa kimeegeshwa, hakipo juu ya sahani. Kesi yako ni soketi tu. Na ulikaa unatazama mpaka KO ya tatu?

Mleta uzi: NILIMSHIKA MKONO. Soma vizuri.

Mama Wawili: Kwa nini hukununua SSD, ile diski isiyo na sahani? Nyingi za SATA, yaani za plagi kama ya laptopu yako, ni milimita 7, ingeteleza yenyewe. Huyo ni fundi Maiko, na wewe ukampelekea.

Tandika Moja: Wewe umegongewa tu. Mimi aliniuzia NVMe, SSD ya kibao inayoongea lugha tofauti na SATA; laptopu yangu tundu lake la M.2, la kuchomeka vibao hivyo, linasoma SATA peke yake. Imekaa vizuri, skrubu imefungwa, laptopu haiioni mpaka leo. Nimerudi kwake ananiambia "ipe muda izoee". Izoee nini, ni kuku mgeni?

Chumvi Kidogo: Mfunge kamba mguuni siku tatu, atazoea.

Pini 44: Nyie mna bahati. Laptopu yangu diski yake ni ya IDE, plagi ya kizamani kabla ya SATA, ya 2004. Kila duka wananipa SATA, wanasema ni ile ile. Ile ile wapi? IDE ya laptopu ina pini 44 zimesimama kama meno ya kitana, SATA ni bapa tupu. Mmoja kaniambia atazikata!

Mzee wa Ubao: Ya 2004 peleka Makumbusho.

Pini 44: Makumbusho ya nini wakati inapiga kazi? Tafuta adapta ya IDE, acha dharau.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mpini. Aligonga MARA TATU. Kipande kimeanguka mezani!

Shemeji Mkubwa: Afadhali nyie mnaona kinachovunjika. Mimi nimenunua flashi ya 2TB kwa 20,000. Nikaweka harusi nzima ya mdogo wangu. Nafungua, zimebaki picha za pilau tu.

Mama Wawili: Hizo flashi! Ndani ni GB chache, zimedanganywa zijiite 2TB. Zikijaa zinafuta za mwanzo. Mimi nilipoteza mahafali.

Tandika Moja: Ilikuwa ya rangi ya fedha yenye kitanzi?

Shemeji Mkubwa: Hiyo hiyo! Aliyekuuzia ana mwanya?

Tandika Moja: Ana mwanya.

Chumvi Kidogo: Mleta uzi, kama X220 ndiyo imekufa, chaja yake unauza bei gani?