Pikipiki imeingia sevisi ikiwa nzima, imetoka na moshi na klachi inateleza. Nishushe injini au niuze?

Cheni Mbili (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki mbili. Ya kwanza ni ya kabureta, cc 150, injini inayopozwa na hewa, na ndiyo inayonipeleka kazini kila siku. Ya pili ni ya injekta, bado iko kwenye dhamana, naitumia wikiendi na safari ndefu.

Kinachonichosha ni sevisi. Ile ya kabureta ilipelekwa kumwaga oili na kurekebisha cheni, kazi ya kawaida kabisa. Imetoka inatoa moshi wa bluu, na nikiwa gia ya nne au ya tano nikivuta mafuta mlio unapanda ila mwendo hauongezeki. Nikarudi kwa fundi. Bila kugusa spana akasema pistoni na ringi zimekwisha, silinda ikachongwe, na sahani za klachi zibadilishwe zote. Yaani pikipiki iliyoingia gereji ikiwa nzima leo inatakiwa kushushwa injini!

Ya injekta nayo imerudi kutoka kwa wakala cheni ikiwa imekaza kama waya wa kuanikia nguo. Risiti imeandikwa "sevisi kamili", hakuna hata mstari mmoja unaoeleza kilichofanyika.

Naomba ushauri wa mambo mawili. Nishushe injini, au kuna cha kuangalia kwanza? Na je, kumiliki pikipiki mbili kuna maana, au niuze moja? Hela naona inatoka tu. Natanguliza shukrani.

Fundi Mstaafu
Mkuu, usikubali injini ifunguliwe kabla haijapimwa. Dalili zote mbili zimekuja kwa pamoja, na kilichobadilika ni kimoja: oili. Ringi haziwezi kwisha kwa saa moja iliyokaa gereji. Anza na oili.

Injini nyingi za ukubwa huo zinachukua takriban lita moja, nyingine pungufu ya hapo, na kila ukimwaga huwa inabaki kidogo ndani. Fundi mwenye haraka anamimina chupa yote bila kupima. Oili ikizidi inasukumwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la filta ya hewa, kisha injini inaivuta na kuiunguza. Moshi wake ni bluu uleule wa ringi zilizokwisha, ndiyo maana watu wanachongewa silinda ambazo hazina kosa.

Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, izime, subiri dakika chache, ndipo upime. Angalia kitabu chake kinasema kijiti cha kupimia oili kikazwe au kiegeshwe tu wakati wa kupima, maana majibu yanatofautiana. Halafu chomoa kile kimpira kilichozibwa chini ya boksi la hewa. Kikitoa oili, umeshapata sehemu ya jibu.

Klachi sasa. Kwenye pikipiki kama yako oili moja inalainisha injini, gia boksi na klachi kwa pamoja. Oili za gari, hasa zile nyepesi, zinaweza kuwa na kemikali za kupunguza msuguano, na klachi kazi yake yote ni msuguano. Chupa iwe na alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili zinazofaa klachi inayolowa oili. Ukikuta JASO MB, au duara la API (kiwango cha Kimarekani) lenye maneno Resource Conserving, yaani oili ya kubana mafuta, hiyo si ya klachi yako. Ila kabla ya kulaumu oili, shika wenzo wa klachi: lazima uwe na mchezo kidogo kabla kebo haijaanza kuvuta. Kebo ikikazwa kupita kiasi sahani hazibanani sawasawa, na klachi itateleza hata uweke oili gani. Hilo ni la kurekebisha kwa mkono, bila senti.

Dada wa Helmeti
Moshi unatoka wakati gani hasa? Ukiwasha asubuhi, au ukishuka mlima umeachia mafuta halafu ukavuta tena, mara nyingi ni sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kupitia valvu. Ukitoka wakati wote unapovuta na mzigo, hapo ndipo uanze kuzifikiria ringi.

Pima Kwanza
Naongezea kwa Dada wa Helmeti. Mwambie fundi yeyote anayetaka kufungua injini apime kompresheni kwanza kwa geji, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Isome, kisha weka oili kidogo sana kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda vizuri, ringi au silinda ndizo zinazovujisha. Isipopanda, tazama valvu. Na ile plagi ukiichomoa itazame: rangi ya kahawia ni afya, masizi makavu meusi ni mafuta mengi kuliko hewa, ikilowa oili basi oili inaingia ndani kweli. Fundi asiyetaka kufanya hivyo anakisia, na unaolipia ni makisio yake.

Cheni Mbili
Wakuu, nimerudi. Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho, na kile kimpira kimetoa oili ya kutosha kulowesha kitambaa. Nimepunguza hadi kati ya alama mbili na kusafisha boksi la hewa. Moshi barabarani umekwisha, umebaki ule wa asubuhi nikiwasha, unakata baada ya muda mfupi. Chupa waliyoniachia ni ya gari, ina lile duara lenye maneno hayo hayo. Kebo ina mchezo wake, haina shida. Nilikuwa nakwenda kuchongewa silinda bure kabisa, nimeumia sana.

Kilomita kwa Lita
Swali la hela bado halijajibiwa. Andika kilomita na lita kila unapojaza tenki hadi juu, kwa kila pikipiki peke yake. Chukua kilomita 10,000. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 250. Ikishuka hadi 33, itakunywa lita 303. Hizo 53 zimepotea bila kitu chochote kuvunjika: filta ya hewa imejaa vumbi, tairi hazina upepo wa kutosha, breki inagusa, choki hairudi hadi mwisho. Umbali huohuo, ukimwaga oili kila kilomita 2,500, umetumia lita nne hivi. Anayechelewesha oili ili kubana matumizi anabana mahali padogo na kuweka injini nzima rehani.

Halafu kuna gharama ambazo hazijali kilomita. Bima. Betri inayokufa ikiwa imesimama. Tairi zinazokakamaa kwa umri. Mafuta ya breki, yanayovuta unyevu hewani na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hukuendesha. Pikipiki ya wikiendi inalipa zote hizo kwa kilomita chache. Jumlisha kila kitu kilichotoka kwa mwaka, gawa kwa kilomita za mwaka huo. Huenda ile unayoiona haina matatizo ndiyo inayokula zaidi kwa kila kilomita.

Gia ya Chini
Uza ya kabureta uishi kwa amani. Umeshaona moshi wa asubuhi, utafuata mwingine.

Kilomita kwa Lita
@Gia ya Chini sikubaliani. Ya kabureta thamani yake ilishashuka, haina kubwa tena la kupoteza. Ya injekta inashuka bei hata ikiwa imefunikwa. Kama safari ndefu ni chache, hiyo ndiyo ya kuuza, tena sasa hivi dhamana ikiwa bado hai. Kama safari hizo ndizo furaha yake, abaki nazo zote, ila ajue anailipia furaha.

Fundi Mstaafu
Cheni Mbili, mwaga hiyo oili ya gari injini ikiwa ya uvuguvugu, weka yenye MA, uiendeshe siku kadhaa. Klachi ikishika, sahani ni nzima. Ikiendelea kuteleza ndipo zitolewe zipimwe unene. Moshi wa asubuhi unaelekea kwenye sili za valvu. Hiyo ni kazi ya kichwa cha injini, silinda haihusiki. Haina haraka, mradi unapima oili kila ukijaza tenki na kuongeza inapopungua.

Ile cheni ya injekta usiendelee nayo hivyo. Ukikaa, shoki zinashuka na cheni inazidi kukaza, na inayoumia ni beringi ya gia boksi upande wa sproketi. Pikipiki nyingi za kawaida zinataka ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati. Kipimo chako kimeandikwa kwenye stika karibu na cheni au kwenye kitabu. Mrudishie wakala aifanye mbele yako, na udai orodha: oili aina gani, kiasi gani, mwanya wa valvu umesomeka ngapi. Valvu kwa kawaida hupimwa injini ikiwa imepoa. Ukiifikisha ya moto ukaichukua baada ya nusu saa, hazikupimwa, risiti iandike inavyotaka.