MJADALA: Mzee akimpa kijana shikamoo kwa sababu ya cheo, hiyo bado ni heshima?

Mtoa mada: Wanajamvi, habari zenu. Kazini kwetu kuna mlinzi, mtu mzima mwenye wajukuu. Asubuhi akifungua geti sote tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, maisha yanaendelea. Juzi kaingia meneja mpya, kijana wa miaka 30 hivi. Mzee kavua kofia: "Shikamoo, bosi." Kijana kaitikia "Marahaba" huku kioo cha gari kinapanda. Hakusita hata kidogo! Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye bodaboda, aibu ikanishika kana kwamba nimeitikia mimi.

Tulivyolelewa, shikamoo inafuata umri. Ninavyoona, jamii yetu haipangi watu kwa ngazi moja. Kuna ya umri, ya cheo, ya fedha, ya elimu, ya ukoo, na kasheshe linaanza zinapokutana getini. Cheo kimeshinda, na tumekubali wenyewe kimyakimya. Zamani angalau kulikuwa na jitihada: mamlaka ya machifu yalifutwa Tanganyika 1963, Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha, na hata waziri akaitwa Ndugu. Leo ni Mheshimiwa, na mshika kipaza sauti anawataja mmoja mmoja, jua linatuchoma, ndipo aseme "itifaki imezingatiwa". Je, turudi kwenye Ndugu?

Mlinzi mstaafu: Unakuza jambo. Nimekaa getini miaka mingi. "Shikamoo bosi" ni ya kutafutia hela ya chai. Moyoni najua yule ni mtoto, na yeye anajua. Ukitaka kujua nani namheshimu kweli, angalia nani namwamsha taratibu akisinzia kwenye gari.

Mzee wa foleni: Ndugu lilikuwa jina tu. Enzi hizo hizo kuna ndugu alipita na gari ya serikali, na ndugu yake alikuwa kwenye foleni ya sukari. Mnadhani Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa 1971 ulimwonya kiongozi juu ya majivuno na dharau kwa sababu gani? Mtu hakanywi asichokifanya. Ila nakiri jambo moja: kumwita mkuu wa wilaya "Ndugu" mbele ya watu kulikupa ujasiri wa kumuuliza swali la pili. Ukishasema Mheshimiwa, swali la pili linakwama kooni.

Bint Pwani: Nyie wa bara mnazungumza kana kwamba ngazi zimeanza na vyeo vya serikali. Neno "muungwana" mnalotumia kwa mtu mwenye adabu, huku kwetu lilikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Chini yake walikuwepo wazalia (watumwa waliozaliwa huku huku), watwana (watumwa wa kiume), wajakazi (watumwa wa kike). Na ngazi ilivaliwa: mjakazi alijulikana kwa kaniki yake, kile kitambaa cheusi, kabla hajafungua mdomo. Sheria ya kufuta utumwa Zanzibar ilipotoka 1897 (masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na mabwana zao, wakaachwa nje hadi 1909, sijui mabwana waliogopa nini, au najua), wanawake walioachiwa waliikimbia kaniki, wakajifunga kanga za rangi. Hawakungoja mtu awaambie sasa wako sawa na nani.

Na hata ngazi ile ilikuwa na nyufa. Mtoto wa suria, baba akimkubali, alikuwa huru kama nduguze. Sayyid Barghash, sultani aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na waungwana wa mji mzima walimnyenyekea. Lakini peleka posa leo kwenye baadhi ya nyumba uone. Watakuuliza shule? Mshahara? La. Watauliza, "Wana wa nani hao?" Hapo hakuna Ndugu wala Mheshimiwa atakayekuokoa.

Wa Nairobi: Huku hatuamkiani hivyo kila siku na ngazi iko pale pale. Muulize soja nani hufunguliwa geti kwa honi moja, na nani huachwa nje atafute kitambulisho.

Mtoa mada: Bint Pwani, kwenye posa umenimaliza, nimeshaulizwa hilo swali. Nabadili kidogo: kufuta jina hakutoshi. Ila bado nasema tusiupe umri kisogo, maana ndiyo ngazi pekee ambayo kila mmoja, akijaliwa uhai, ataipanda.

Halafu niwape mrejesho. Leo nimewahi getini. Meneja kafika, mzee kaanza "Shi…", nikamkatiza kwa sauti ya juu: "Shikamoo, mzee!" Meneja kaniangalia kwenye kioo cha pembeni. Kimya. Baada ya sekunde kadhaa naye akasema, "Shikamoo, mzee."

Mlinzi mstaafu: Na mzee alikuambia nini?

Mtoa mada: Gari lilipopita kaniambia, "Mwanangu, umeniharibia. Ile ya chai leo hakutoa."