Naomba ushauri: tuanze na Rebels, au tuendelee na Ahsoka?

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mimi na mdogo wangu tumeanza kutazama Ahsoka, tamthilia ya mwaka 2023 yenye vipindi 8, na yeye, ambaye katika Star Wars anazijua filamu za sinema tu, amekwama mapema. Sabine, mmoja wa wahusika wakuu, alipokaa peke yake akiutazama ujumbe wa rafiki yake Ezra, mimi koo lilinikaba, naye akauliza, "Huyo kijana ni nani, na mbona anahuzunikiwa hivyo?" Jibu limo katika Rebels, katuni ya misimu 4 iliyomalizika mwaka 2018, ambamo Ezra anatoweka pamoja na adui yao, Thrawn. Kwa maoni yangu huo ni uvivu kidogo wa uandishi, kwa sababu Andor, tamthilia nyingine ya Star Wars, nayo imesimama juu ya simulizi zilizotangulia, lakini mgeni huifuata bila kushikwa mkono. Je, nimrudishe kwenye Rebels yote, ambayo mwanzo wake una utoto mwingi, au vipo vipindi vichache vitakavyomtosha? Kile cha mwisho cha Rebels nimekwisha kumwonyesha, na wale nyangumi wa angani wanaoondoka na Ezra na Thrawn wamemchanganya zaidi.