Bia ya mfuko: kusaga zaidi, kukamua, kusuuza au kuongeza muda?

Kimea_Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Napika bia ya kimea cha shayiri kwa mfuko: kimea nakiloweka kwenye maji ya moto ndani ya mfuko wa kitambaa, sufuria moja tu. Kilo 5 za kimea, napata lita 20, haidromita (kipimo cha uzito wa maji yenye sukari; maji matupu ni 1.000) inasoma 1.045. Kwa hesabu yangu nimetoa kama asilimia 60 tu ya sukari, iliyobaki naitupa na machicha. Kimea nakiagiza kutoka mbali na bei yake si ya mchezo. Nifanye lipi kwanza: kusaga laini zaidi, kukamua mfuko, kuusuuza kwa maji ya moto, au kuloweka dakika 90 badala ya 60?

MpishiWaNgamiani
Kusaga. Mengine baadaye. Chota kimea ulichosaga, kitandaze kiganjani: ukiona punje nzima, hapo ndipo sukari yako ilipolala, maji hayafiki kwenye wanga. Mimi napitisha mara mbili kwenye mashine ya mkono. Sisi chujio letu ni kitambaa, hatutegemei maganda yatuchujie, kwa hiyo chenga ndogo hazitusumbui.

Bi_Shela
Ila usipeleke mashine ya sembe kama mimi! Ulitoka unga mtupu. Mfuko wangu wa shela ukaziba, nikauning'iniza kwenye boriti ya banda nusu saa nzima, tone moja moja, uji umegandia kitambaani.

Kukamua nakamua, tena kwa nguvu. Usipokamua, kila kilo ya kimea inaondoka na karibu lita nzima ya maji matamu. Wanaosema kukamua kunaleta ukakasi wananichosha. Ukakasi wa maganda unaletwa na joto kupita kiasi na pH kubwa (yaani uasidi mdogo), si mikono yangu.

Mzee_Raskazone
Nani hapa hukamua tui la kwanza tu akatupa machicha? Kusuuza ndiko huko. Katika maji yako tenga lita 4 au 5, pasha hadi nyuzi 75, usivuke 77. Loweka mfuko humo kwenye ndoo dakika 10, koroga, kamua, changanya na ya kwanza. Tui la pili jepesi, lakini tui.
Maji unatumia ya wapi?

Kimea_Chumbageni
Shikamoo mzee. Ya kisima, bomba likikatika.

Mzee_Raskazone
Marahaba. Kisima kikiwa kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya mapango ya Amboni, maji yake hupandisha pH. Kimea cha rangi nyepesi kinataka 5.2 hadi 5.6. Changanya nusu kwa nusu na ya mvua.

MpishiWaNgamiani
Kuhusu dakika 90, dondoshea iodini kwenye sampuli, juu ya sahani nyeupe. Ikigeuka bluu-nyeusi, wanga bado upo. Isipogeuka, unachoma gesi bure.
Halafu haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwa nyuzi 20. Hapa Tanga sampuli "iliyopoa" ina 30! Hiyo 1.045 yako ni kama 1.047.

Kimea_Chumbageni
Mrejesho wa Jumamosi: nimesaga mara mbili, maji ya bomba, nimekoroga kila robo saa na kukamua. Sijasuuza. Baada ya kurekebisha joto, 1.054, lita 20 zile zile. Asilimia 72! Tui la pili mwezi ujao, mzee.
Bi_Shela, viganja vimeniungua. Unavaa glavu gani?

Bi_Shela
Glavu za nini? Weka mfuko kwenye chekeche juu ya sufuria, ukandamize kwa mfuniko.