RAV4 ya 2002, injini D4: sailensa inayumba, joto linapanda ikisimama, mguu wa mbele unagonga

MkaziShangani
Wakuu, nimenunua RAV4 ya 2002 hapa Mtwara, injini D4 (1AZ-FSE). Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, nikiweka gia ya D inataka kuzima. Mshale wa joto unapanda gari ikisimama, nikiondoka unashuka. Mguu wa mbele kushoto unagonga kwenye barabara ya vumbi. Fundi anashauri tung'oe thamostati (valvu inayofungulia maji ya injini yaende kwenye rejeta) kwa kuwa huku kuna joto. Karibuni inatakiwa ipande Newala kutokea Masasi. Nianze na lipi?

Spana12
Anza na joto, mkuu. Thamostati usiitoe kabisa: injini itachelewa kufikia joto lake la kazi, itakula mafuta, na ugonjwa utabaki palepale. Joto linalopanda gari ikisimama na kushuka ikitembea mara nyingi ni feni, maana barabarani upepo unafanya kazi yake.

Washa injini, washa AC. Feni zisipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilisha rilei ya feni (swichi yake ya umeme) na nyingine yenye namba ileile. Bado? Chomoa soketi ya feni uipe umeme wa betri moja kwa moja. Ikikaa kimya, au isipoenda mpaka uisukume kwa kijiti, kaboni za mota zimekwisha. Zikizunguka kwa AC lakini si kwa joto la injini, pima sensa ya joto la maji.

Chungulia pia kati ya kondensa ya AC na rejeta, vumbi na nyasi hujazana pale. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa inalaza mapezi.

Mfuniko wa rejeta ufungue injini ikiwa ya baridi tu. Ukikuta maji ya kutu, mwaga, suuza, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale ya kuongezea betri (si asidi). Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi yanakula aluminiamu. Halafu weka hita kwenye moto wa mwisho, mfuniko wazi, injini iungurume mpaka mapovu yaishe, huku ukiongeza.

D4_Lindi
Naunga mkono. Kabla ya mlima ule, mulika tochi nyuma ya injini, pale silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) inapokutana na bloku (mwili wake wa chini). Injini hizi za AZ zina udhaifu unaojulikana: nyuzi za boliti za hedi kwenye bloku zinalegea, kulanti inavuja kidogo kidogo na kuacha ukoko mkavu. Ukiuona, usisafiri nayo. Kukaza boliti hakusaidii, wala gesketi mpya peke yake. Bloku inatobolewa na kuwekewa nyuzi za chuma.

Sailensa sasa. Kwenye D4 petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haioshi njia ya hewa, na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kiasi ndani ya injini) yanaganda kwenye throto, mlango wa hewa ya injini. Chomoa nguzo hasi ya betri, toa bomba la hewa, pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitambaa ufute kipepeo na kingo zake. Usikisukume kwa kidole switchi ikiwa imewashwa, kinaendeshwa na mota na gia zake ni za plastiki. Ukirudisha betri, acha injini iungurume bila AC mpaka ipate moto ili kompyuta ijifunze upya. Bado inayumba? Kagua hozi za vakyumu (mipira midogo ya hewa ya injini) zilizopasuka, kisha valvu ya EGR, ikikwama wazi dalili ni hizohizo.

MkaziShangani
Asanteni sana. Na mguu?

Spana12
Tairi zikiwa chini, shika stabilaiza linki (kifimbo kinachounganisha mguu na chuma cha kuzuia gari lisiyumbe) uitikise. Ikicheza, badilisha zote mbili, kushoto na kulia. Ikiwa imara, kagua bushi (mipira) za kontroo amu, mkono unaoshika mguu wa gari, na boljoint, kiungo chake cha mpira wa chuma. Mlio ukija unapokata usukani umesimama, ni maunti ya shokapu. Boliti za bushi zikazwe gari ikiwa imekaa kwenye tairi zake. Ukizikaza ikiwa juu ya jeki, mpira unajisokota na kuchanika mapema.

Ukiwa chini huko, kwangua kutu kwenye waya wa ethi wa injini (unaounganisha injini na nguzo hasi ya betri). Upepo wa Shangani una chumvi. Piga mita kati ya nguzo hasi na bloku wakati wa kupiga stata: ikizidi volti 0.3, ethi ni mbovu.