Tupeane uzoefu: Nani aliamua kwamba akili yako haiko sawa, na kwa kipimo gani?

Mdadisi_wa_Nafsi
Wakuu, salaam. Nasoma saikolojia na kuna mada imenishika: tunajuaje kwamba mtu si wa kawaida kiakili?

Kipimo cha kwanza ni uchache. Kwenye majaribio ya uwezo wa akili, walio chini ya alama 70 ni kama watu 2 katika 100. Lakini walio juu ya 130 ni wachache vilevile, na hao hupewa sifa badala ya matibabu. Cha pili ni kukiuka desturi za jamii, na hiki kinanitisha. Mwaka 1851 daktari mmoja Mmarekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Akaupa na jina: drapetomania. Yaani kutaka uhuru kuligeuzwa dalili! Kuna pia kushindwa kumudu maisha ya kila siku, halafu kuna orodha ya sifa za akili yenye afya aliyoitoa mwanasaikolojia Marie Jahoda mwaka 1958, ambayo kwa maoni yangu wengi wetu hatuifikii.

Mimi naegemea kumudu maisha, pamoja na swali moja: je, mwenyewe anateseka? Waliopitia watuambie.

Bi_Subira
Mwanangu, mume wangu alipofariki nilikuwa namsikia akiniita nikiwa jikoni. Ndugu zangu wakasema nimerukwa na akili. Daktari aliniuliza kama nalala, kama nakula, kama ile sauti inaniamrisha jambo, kama inanitisha. Nikamwambia hainiamrishi wala hainitishi, inanifariji. Akasema wafiwa wengi huwasikia wapendwa wao, tena kwa muda tu. Alitaka nirudi iwapo ningeshindwa kuendelea na shughuli zangu. Sikushindwa. Baadaye ikapungua yenyewe.

KimyaKingi
Pole sana Bi Subira.

Mdadisi, kipimo chako cha kumudu maisha kisingeninasa mimi. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko wote, ripoti zangu safi, nacheka na watu. Nikirudi nyumbani nalala na viatu, natamani kusikuche. Ilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kila niliyejaribu kumgusia alinijibu, "Wewe? Mbona uko vizuri!" Kazi iliyonyooka ndiyo iliyonichelewesha kupata msaada.

Dada_Mkubwa
Na swali la mateso lisingemnasa mdogo wangu. Ana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Ikimpanda hateseki hata kidogo, anasema hajawahi kujisikia vizuri namna ile. Halali, anaongea bila kituo, anagawa vitu vya ndani, anakopa kwa ajili ya biashara tano kwa mpigo. Waliokuwa wakiteseka ni sisi, hasa mama. Tungesubiri aseme anaumia, angepoteza kila kitu. Ukimkuta akiwa ametulia hutaamini ni yeye, na anachukia mno kuitwa kichaa.

Mdadisi_wa_Nafsi
Asanteni, mmenifungua macho. Dada Mkubwa, unayoyasema yanagusa orodha ya wanasaikolojia Rosenhan na Seligman ya mwaka 1989. Waliweka dalili kadhaa pamoja: mateso, tabia inayomdhuru mtu mwenyewe, kutotabirika, hata kuwakosesha raha wanaomtazama. Hiyo ya mwisho nina shaka nayo, maana jirani anaweza kukosa raha kwa sababu tu mtu anaongea peke yake.

Kwa Bi Subira, muda nao una uzito. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, ICD-11, unatambua majonzi ya muda mrefu kuwa tatizo yakizidi miezi 6, yakiwa makali na yamevuruga maisha, huku ukiagiza mila za mfiwa zizingatiwe. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2022, unataka miezi 12 kwa mtu mzima. Mfiwa yuleyule, vitabu viwili, majibu mawili.

Mgeni_Humu
Nimesoma kimya, ila ya KimyaKingi ni yangu kabisa. Ulianzaje kumwambia daktari wakati kwa nje kila kitu kinaonekana sawa?

KimyaKingi
Niliandika. Kuongea kungenishinda, ningecheka kama kawaida yangu. Niliandika jinsi jioni zangu zilivyo, ninavyolala, ninavyowaza kuhusu kuishi, nikampa asome mbele yangu. Yale mawazo ya kutotaka kuishi usiyafiche, ndiyo aliyoanza nayo. Kama unayo sasa hivi, nenda leo, na uende na mtu. Nitumie ujumbe ukitaka.