Safari ya Mama India: tiketi

Kikundi: Familia ya Mzee Athumani 🌴
Jumamosi

Asha, 07:12
Asalaam aleikum wote. Tiketi ya Mama tuimalize leo. Yule wakala wa Posta ananishikia nafasi mpaka Jumatatu saa kumi jioni. Kila mtu aseme, asisome mtu akanyamaza.

Asha, 07:13
Pendekezo langu: kwenda Mumbai ekonomi, kurudi bizinesi. Msianze kubisha sijaeleza.

Asha, 07:41
Naona mmesoma. Tiki za bluu zote hizo.

Shaban, 07:58
Waaleikum salaam dada. Tupo kwenye chapati.

Asha, 08:03
Haya naeleza huku mnakula. Sasa hivi Mama anatembea na fimbo, goti linauma lakini linakunja. Air Tanzania inakwenda moja kwa moja, kama saa sita hivi, atavumilia. Kurudi ndiyo kazi. Atakuwa ametoka kupasuliwa, mguu umevimba, haukunji vizuri. Hela yetu iende pale. Bizinesi kwenda na kurudi mchango hautoshi, na ekonomi zote mbili ni kumtesa.

Asha, 08:05
Na ile ndege yao ya Dreamliner ina viti 262, vya mbele vya bizinesi ni 22 tu. Vikijaa ndiyo basi.

Juma, 08:20
Kupitia Addis je? Niliona nauli iko chini.

Asha, 08:22
Juma, kupanda mara mbili kushuka mara mbili, na katikati masaa ya kukaa uwanjani. Kwa mtu wa goti?

Juma, 08:23
Nimeuliza tu

Shaban, 08:29
Mimi nina wazo. Chukueni viti vya mlango wa dharura. Ekonomi hiyo hiyo, unaongeza kidogo, miguu inanyooka mpaka Kigamboni.

Rehema, 08:44
Shemeji, hapo hawamkalishi mtu wa fimbo. Anayekaa pale lazima aweze kufungua mlango na kusaidia wenzake kutoka. Watamwinua mbele za watu, aone aibu bure.

Rehema, 08:47
Wifi Asha, kwenda muombee kiti cha njiani, na goti bovu liwe upande wa njia. La kwake ni la kulia, kwa hiyo njia iwe kuliani kwake. Watu wanaomba "cha njiani" tu, mgonjwa anaishia kukunja ule ule mguu unaouma.

Asha, 08:48
Asante wifi. Hayo ndiyo maneno.

Shaban, 08:52
Mimi Kimara mpaka Kivukoni kwenye mwendokasi nasimama mguu mmoja, hakuna anayeniuliza nataka njiani au dirishani 😂

Juma, 08:53
😂😂 Wewe ulikaa mara moja, na ulikaa juu ya ndoo ya samaki ya mama wa watu

Shaban, 08:53
Ile kesi iliisha!

Mwajuma, 08:55
😂😂😂

Asha, 08:56
Mwajuma umeibuka kwenye ndoo. Tiketi unasemaje?

Asha, 09:10
Mwajuma?

Rehema, 09:18
Naomba niseme la hospitali kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa matokeo kwamba safari ya saa nne na zaidi, mtu amekaa hajongei, inaongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Aliyetoka kupasuliwa goti hayumo kwenye hesabu hiyo, yeye hatari yake iko juu tangu kitandani.

Rehema, 09:21
Na bizinesi peke yake haimkingi. Ubaya uko kwenye kutojongea. Akilala saa sita kama gogo huko mbele ni yale yale. Faida ya kile kiti ni kwamba anaunyoosha mguu, na anainuka bila kuruka magoti ya watu. Dawa na soksi za kubana ni daktari wake aseme, tusimnunulie Kariakoo kwa kukisia.

Hamisi, 09:34
Nimesoma. Mimi nasema ekonomi zote mbili. Hela iliyobaki iende hospitali. Kiti hakitibu mtu.

Asha, 09:36
Kaka Hamisi, maneno haya haya uliyasema safari ya Baba.

Hamisi, 09:36
Unaanza.

Asha, 09:39
Sianzi. Tulichanga ya kiti cha mbele. Baba alikaa nyuma, kiti cha katikati, kwenda na kurudi.

Hamisi, 09:41
Ile hela ilikwenda kwenye kitanda cha hospitali. Nani alilala kwenye benchi na Baba kule? Wewe?

Shaban, 09:42
Na friji je

Shaban, 09:42
Ujumbe huu umefutwa

Hamisi, 09:43
Nimeuona.

Juma, 09:44
Jamani humu kuna watoto.

Mjomba Saidi, 10:15
Ijumaa Karim 🌹🌹 Mola azipokee dua zetu

Shaban, 10:16
Amin mjomba, ila leo Jumamosi

Mjomba Saidi, 10:31
Niliituma jana, bando likakata.

Zainabu (Muscat), 11:50
Shikamooni. Nimetoka kazini sasa hivi. Dada Asha, mwambie wakala akutumie picha ya kiti cha ndege ile ile, asikutumie ya tangazo. Bizinesi hazifanani. Kuna kiti kinacholala chali kabisa, kuna kinachoegemea tu. Bosi wangu alikwenda Ulaya, ile safari fupi ya ndani kule bizinesi ikawa kiti kile kile cha ekonomi, wameacha tu cha katikati wazi. Mama anataka cha kulala.

Asha, 11:54
Marahaba mdogo wangu. Nimemtumia ujumbe wakala.

Zainabu (Muscat), 11:57
Na tiketi ya kurudi iwe ya kubadilika tarehe. Hata ndani ya bizinesi kuna nauli ya chini ambayo ukiigusa unalipa faini. Daktari ndiye atasema lini apande ndege, wakala hajui hilo.

Rehema, 12:02
Hapo Zainabu umenena. Kidonda kikichelewa wiki moja, tiketi isiyobadilika inakuwa karatasi. Kama lazima tukate kitu, tukate mahali pengine.

Rehema, 12:04
Kiti cha magurudumu nacho kiandikwe kwenye tiketi leo leo. Ni bure. Waambieni wazi kwamba ngazi hapandi. Mkisema tu "anaumwa goti" watamsukuma mpaka chini ya ngazi ya ndege wamwache hapo.

Asha, 12:06
Naandika yote. Kaka Hamisi, umesikia ya tarehe?

Asha, 12:40
Kaka?

Shangazi Mwanahawa, 13:05
Nimesomewa yote na mjukuu.

Juma, 13:05
Shikamoo Shangazi

Asha, 13:05
Shikamoo Shangazi

Shangazi Mwanahawa, 13:11
Marahaba. Kaka yangu aliposhuka ndege nilikuwa pale uwanjani. Miguu imevimba, kiatu hakitoki. Nilikikata kwa mkasi wa kucha niliouazima kwa dada mmoja wa pale, kikatoka vipande vipande. Hamisi ulikuwa unatafuta teksi, hukuona. Sikusema kwa sababu baadaye ukawa msiba. Mambo ya risiti siyataki kuyasikia humu tena. Wifi yangu hatarudi vile. Kiti cha kurudi utalipa wewe Hamisi.

Hamisi, 15:38
Shikamoo Shangazi. Nimesikia.

Shangazi Mwanahawa, 15:40
Marahaba mwanangu.

Hamisi, 15:52
Ila mshahara ni tarehe 25.

Asha, 15:55
Wakala mwisho wake Jumatatu, kaka. Na unalipa kiti chote au ile nyongeza ya kutoka ekonomi? Nijue hela ya mchango inabaki kiasi gani.

Asha, 16:20
Nauliza kwa heri tu.

Juma, 16:31
Dada mpe nafasi. Mimi naweza kumkopesha nusu mpaka tarehe 25, nusu nyingine sina.

Zainabu (Muscat), 16:45
Nani anakwenda naye? Visa ya matibabu ya India mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Na pasipoti iwe imebakiza miezi sita.

Rehema, 16:49
Mimi likizo yangu bado haijasainiwa.

Mama, 17:20
asalam aleikum wanangu ni mimi naandikiwa na Husna. Mimi nataka dirishani nione bahari tukiondoka

Shaban, 17:21
Mama oyeee ❤️

Rehema, 17:24
Shikamoo Mama. Mama, goti lako linataka njiani.

Mama, 17:26
goti ni langu

Asha, 17:30
Shikamoo Mama. Tutalizungumza nikija kesho. Jamani, wakala anataka jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Pasipoti ya Mama iko kwa nani?

Juma, 17:48
Si ilikuwa kwenye lile kabati la Baba?

Asha, 17:49
Ufunguo wa kabati anao nani?

Mwajuma, 18:10
Kaka Hamisi

Asha, 18:11
Kaka Hamisi, naomba picha ya ukurasa wa mbele usiku huu. Mambo ya hela tutaongea kwa simu.

Asha, 21:37
Kaka?